Maboya ya ndege hayapimwi kwa ekseli ya gurudumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo moja lililomo katika makala mliyochapisha kuhusu watu wanaojijengea ndege ndogo, na kuhusu uwezekano wa kuzivisha ndege hizo maboya ili zitumike katika maziwa yetu. Makala ilikuwa nzuri, na nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili likitoa nafasi pana kwa ufundi, jambo ambalo si la kila wiki. Hata hivyo mwandishi ameeleza kwamba fundi hufungua magurudumu na kufunga maboya mahali pale pale, na mchoro ulioambatana na maelezo hayo, wa ndege yenye gurudumu dogo mkiani, umeonyesha kidato cha boya, yaani ile sehemu tumbo la boya linapokatika ghafla na kupanda juu, kikiwa chini kabisa ya ekseli ya magurudumu makuu. Atakayeufuata mchoro huo atapata ndege ambayo ama haitanyanyuka kutoka majini, ama itanyanyuka kwa namna ambayo rubani hataipenda.

Mimi ni fundi wa ndege, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Kanada, katika jimbo la Ontario, ambako ndege ndogo zilizojengwa nyumbani huvishwa maboya majira ya joto yanapoingia na kuvuliwa kabla maziwa hayajaganda. Nadhani naelewa kosa la mwandishi limetoka wapi. Mihimili inayoshika maboya mara nyingi hutumia mashimo yale yale ya boliti yaliyoshika miguu ya magurudumu, kwa kuwa hapo ndipo kiunzi cha ndege kilipoimarishwa ili kibebe mshindo wa kutua. Anayetazama kwa mbali huona chuma kimefungwa palipokuwa na chuma kingine, akahitimisha kuwa kazi ni kubadilishana tu. Lakini mahali boya lenyewe linapokaa, mbele au nyuma, juu au chini, na kwa pembe ipi, huamuliwa na hesabu nyingine kabisa, na hesabu hiyo huanzia kwenye kitovu cha uzito wa ndege, yaani nukta ambapo uzito wake wote husawazika.

Gurudumu hukaa lilipo kwa sababu za nchi kavu. Katika ndege yenye gurudumu la mkiani, magurudumu makuu huwekwa mbele ya kitovu cha uzito ili ndege isipinduke kifudifudi rubani anapofunga breki. Katika ndege yenye gurudumu la pua, huwekwa nyuma ya kitovu hicho ili mkia usianguke chini ndege ikiwa imesimama. Kidato cha boya hutakiwa kiwe nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Basi kwa ndege ya gurudumu la pua ekseli inaweza kuangukia karibu na mahali panapofaa, ingawa hiyo bado si sababu ya kuifanya iwe kipimo. Kwa ndege ya gurudumu la mkiani, ambayo ndiyo mliyoichora, ekseli iko upande usiofaa kabisa.

Nitatoa mfano wenye tarakimu ili wasomaji wenu waweze kuukagua wenyewe. Tuseme tuna ndege ya watu wawili ambayo ikiwa tupu ina uzito wa kilo 300, na tumeinyanyua mkia na kuuweka juu ya kigoda mpaka pima maji ikaonyesha kuwa ndege imelala sawa kama inavyokuwa angani. Kila umbali tunaupima kuanzia ukingo wa mbele wa bawa. Magurudumu makuu yako sentimita 5 nyuma ya ukingo huo, na mizani zake mbili kwa jumla zinasoma kilo 276. Gurudumu la mkiani liko mita 4.3 nyuma ya ukingo, na mizani yake inasoma kilo 24. Tunazidisha kila uzito kwa umbali wake, tunajumlisha, kisha tunagawanya kwa uzito wote. Zao la kwanza ni 13.8, la pili ni 103.2, jumla ni 117, na 117 kwa 300 ni 0.39. Kitovu cha uzito, basi, kiko sentimita 39 nyuma ya ukingo wa bawa, wakati ekseli iko sentimita 5 tu. Kidato cha mchoro wenu kingekuwa sentimita 34 mbele ya kitovu.

Hiyo ni ndege tupu. Rubani, abiria, mafuta na mizigo hukihamisha kitovu, na ndiyo maana mjenzi hukokotoa kikomo cha mbele na kikomo cha nyuma, yaani mipaka ambayo kitovu hakiruhusiwi kuivuka ndege inapokuwa angani. Kidato hupangwa kwa kutazama kikomo cha nyuma. Hukaa chini yake au sentimita chache nyuma yake, na idadi hasa ya sentimita hizo hutolewa na aliyesanifu boya, kwa sababu matumbo ya maboya hayafanani. Ikiwa kikomo cha nyuma cha ndege yetu ya mfano ni sentimita 46 kutoka ukingo wa bawa, kidato kitaangukia karibu sentimita 45 nyuma ya ekseli iliyoondolewa. Mwenye maboya ya kununua afuate karatasi ya vipimo iliyokuja nayo. Mwenye maboya aliyoyachora mwenyewe atafute ndege inayofanana na yake ambayo imekwisha kuthibitika majini, aipime kwa ruhusa ya mwenyewe, na aige bila haya.

Kipimo hicho huchukuliwa kwa timazi, na mkao wa ndege wakati wa kupima una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kitovu cha uzito cha ndege iliyosimama juu ya maboya kiko juu sana. Tuseme kiko mita 1.5 juu ya kidato. Ukiinua pua nyuzi 5 tu, kitovu hicho kinarudi nyuma kwa sentimita 13. Fundi aliyepima ndege ikiwa imeegemea mkia wake, akasema kidato kiko sawasawa, hajapima kitu. Ndege ilazwe katika mkao ulioandikwa na msanifu, pima maji iwekwe kwenye mstari wa kiunzi uliotajwa, timazi iteremshwe kutoka ukingo wa bawa hadi sakafuni, na vipimo vyote vya mbele na nyuma vichukuliwe sakafuni kwa chaki. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo haiharakishwi.

Kidato chenyewe kipo kwa ajili ya kuachanisha maji na tumbo la boya. Tumbo lililopinda bila kukatika hushikwa na maji kadiri mwendo unavyoongezeka, na injini ndogo haiwezi kulibandua. Henri Fabre alikuwa wa kwanza kuipaisha ndege yenye injini kutoka majini, tarehe 28 Machi 1910, kwenye wangwa wa Berre kusini mwa Ufaransa, juu ya maboya ya bapa. Miaka 2 baadaye Glenn Curtiss wa Marekani aliweka kidato chini ya boti yake ya kuruka, na umbo hilo halijaachwa mpaka leo. Ndege inapoanza kukimbia, boya huinuka polepole kutoka katika kuelea na kuingia katika kuteleza juu ya uso wa maji, hewa hupenya nyuma ya kidato, na kuanzia hapo sehemu ya mbele ya kidato peke yake ndiyo inayogusa maji. Katika dakika hiyo kidato ni egemeo, na rubani huinua au kushusha pua ya ndege nzima kuzunguka egemeo hilo kwa nguvu ndogo ya mapezi ya mkia.

Egemeo likiwa mbele ya kitovu cha uzito, kama katika mchoro wenu, mambo huharibika hata kabla injini haijawashwa. Ndege iliyosimama bandarini huinamia nyuma, tezi za maboya, yaani ncha zake za nyuma, huzama na maji hupanda juu ya sitaha zake. Ikikimbia, maji husukuma mbele ya kitovu, pua hupanda, sehemu ya nyuma ya maboya huburuzika, na omo, yaani ncha ya mbele ya boya, huanza kupanda na kushuka kwa mdundo unaoongezeka kila mara hata rubani akisukuma usukani mbele mpaka mwisho. Mdundo huo unaweza kuirusha ndege hewani ikiwa bado haina mwendo wa kuruka, nayo hurudi majini kwa pigo. Egemeo likiwa nyuma kupita kiasi, shida hugeuka: pua haikubali kuinuka, ndege hukimbia na kukimbia bila kubanduka, na wakati wa kutua omo zinaweza kuchimba maji na kuipindua. Katika makosa haya mawili sijui lipi ni la afadhali, na sioni haja ya kuchagua.

Baada ya kidato huja pembe, ambayo makala yenu haikuitaja kabisa. Boya linaloteleza lina mkao wake linaoupenda, omo ikiwa imeinuka nyuzi chache. Likiinuka zaidi au kulala zaidi, ukinzani wa maji huongezeka. Bawa nalo lina pembe linayohitaji ili libebe uzito wa ndege kwa mwendo wa kunyanyukia. Mjenzi hana budi kuvikutanisha vitu hivi viwili, yaani boya linapokuwa katika mkao wake mzuri wa kuteleza, bawa nalo liwe karibu na pembe ya kubeba, na bado ndege ikishafika angani na kunyoosha safari, boya lisiwe linakata hewa likiwa limeinamisha omo na kula mafuta bure. Kwa kawaida mhimili wa nyuma ndio hurefushwa au kufupishwa ili kurekebisha pembe hiyo. Mihimili ikiwa imeachana mita 1.2, badiliko la sentimita 2 katika mhimili mmoja ni karibu uzi 1, na uzi 1 huonekana wazi katika urefu wa maji ambao ndege itahitaji kabla ya kunyanyuka.

Jambo hili huwagusa zaidi wenye ndege zilizosanifiwa kupaa kutoka viwanja vifupi. CH 701 ya Chris Heintz, ambayo wajenzi wa nyumbani katika nchi nyingi wameijenga, ina vibawa vidogo visivyosogea mbele ya bawa kuu, na rubani wake amezoea kupaa pua ikiwa juu sana. Majini hawezi kufanya hivyo, kwa sababu akiinua pua kupita kiasi tezi ya boya hugonga maji na kumrudisha chini. Faida ambayo bawa lile lilimpa nchi kavu, sehemu yake hupotea, isipokuwa mfungaji wa maboya ameifikiria mapema na kulipa bawa pembe kubwa kidogo dhidi ya boya.

Kuhusu ukubwa wa maboya, makala ilisema yatosheleze uzito wa ndege. Yakitosheleza uzito tu, sitaha zake zitakuwa sawa na uso wa maji, na wimbi la kwanza litamaliza safari. Kanuni za Marekani za ndege ndogo zilizoidhinishwa zilidai uelezi, yaani uwezo wa kubeba uzito majini, unaozidi uzito wa juu wa ndege kwa asilimia 80 katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kila boya ligawanywe katika vyumba visivyopungua vinne visivyopitisha maji, ili ndege isizame wala kupinduka hata vyumba viwili vya boya moja vikijaa. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya ndege za kujijengea, lakini sijaona mjenzi mwenye akili timamu aliyekwenda chini yake. Kwa ndege yenye uzito wa juu wa kilo 600, asilimia 180 ni lita 1,080, au lita 540 kwa kila boya. Maji ya bahari huongeza karibu asilimia 2.5 kwa uzito wake, nami nisingeitia nyongeza hiyo katika hesabu.

Wanaotaka mfano wa zamani watazame Piper J-3, ndege nyepesi ya gurudumu la mkiani iliyovishwa maboya ya EDO aina ya 1320. EDO ni herufi za mwanzo za jina la mwanzilishi wake, Earl Dodge Osborn, aliyeanzisha kampuni hiyo New York mwaka 1925, na tarakimu 1320 ni uelezi wa kila boya kwa ratili, sawa na kilo 599 hivi. Ndege yenyewe ilikuwa na uzito wa juu wa ratili 1,220, yaani kilo 553. Boya moja peke yake, kwa hiyo, lingeweza kuibeba ndege nzima na kubakiza kidogo, na nina hakika hilo halikutokea kwa bahati.

Ziada hiyo nyingi inahitajika hasa upande wa omo. Propela iko juu sana kuliko mahali maji yanaposhika boya, hivyo rubani anapotia moto wote nguvu ya propela huinamisha pua na kuzamisha omo kabla mwendo haujaanza kuziinua. Ndiyo sababu omo za maboya mengi hupita mbele ya propela na zimejaa kiasi, ingawa machoni zinaonekana ndefu mno kwa ndege ndogo kama ile. Propela nayo iwe mbali na maji. Kanuni zile zile zilitaka nafasi isiyopungua inchi 18, karibu sentimita 46, na anayedhani ni nyingi atazame ncha za propela iliyofanya kazi msimu mmoja katika rasharasha. Tone la maji likipigwa kwa kasi ile humomonyoa ukingo wa chuma, sembuse mbao.

Upana kati ya boya na boya nao una kipimo. Maboya yaliyokaribiana mno huifanya ndege iwe kama ngalawa iliyofupishiwa matengo: upepo wa ubavuni ukiinua bawa moja, lingine linaelekea majini na hakuna cha kulizuia. Yakiachanishwa mno, vyuma vya kuyatenganisha vinakuwa virefu na vizito, na kila wimbi linalopiga boya moja linaukunja mfumo mzima. Hapa tena vipimo vya mtengenezaji ndivyo vya kufuatwa. Kilicho mikononi mwa mfungaji ni unyoofu. Mikuku miwili lazima ielekee mbele sambamba, na hili halithibitishwi kwa macho bali kwa kupima pembe mkabala, kutoka omo ya kushoto hadi tezi ya kulia na kinyume chake, mpaka vipimo viwili viwe sawa. Kisha kupima kutoka kila omo hadi sehemu moja ya katikati ya mkia, navyo viwe sawa. Nyaya za msalaba kati ya mihimili hukazwa baada ya hapo, si kabla, kwa kuwa fundi anayekaza nyaya kwanza huwa anaulazimisha mfumo ukubali kosa lake.

Maboya yakishafungwa, ndege ni ndege mpya na ipimwe uzito upya. Maboya na mihimili yake ni mizito kuliko magurudumu yaliyoondolewa, na uzito huo wote hukatwa katika mzigo unaoruhusiwa, hata ndege ya watu wawili inaweza kubaki ya mtu mmoja na mafuta ya saa chache. Makala haikulisema hili, na nadhani ni habari mbaya ambayo msomaji anayehesabu akiba yake alistahili kuipata. Sehemu kubwa ya ubavu wa maboya iko mbele ya kitovu cha uzito na hupunguza uwezo wa mkia kuinyoosha ndege, hivyo ndege nyingi huongezewa pezi dogo chini ya mkia. Usukani wa maji nyuma ya maboya, unaoinuliwa kwa kamba wakati wa kupaa, ni lazima, kwa kuwa ndege haina breki majini na upepo huigeuza upendavyo.

Yote haya yanahusu ndege popote duniani, lakini kwetu kuna la zaidi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri yenye joto la nyuzi 27 za selsiasi, hewa ya juu ya ziwa ina uzito wa karibu asilimia 84 tu ya hewa ya kawaida ya pwani inayotumiwa na wahandisi katika hesabu zao, na injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, huku bawa na propela vikipata hewa nyepesi ya kushika. Kwa injini, kuwa Mwanza adhuhuri ni kama kuwa mita 1,800. Maji hayapungui uzito kwa sababu ya joto hilo, na ukinzani wake ni ule ule. Boya ambalo huko Ontario linabanduka bila shida, hapa linaweza kukimbia mpaka ziwa liishe. Kwa hiyo kosa dogo la kidato au la pembe, ambalo injini yenye nguvu za ziada huko ingelificha, kwetu halina pa kujificha.

Ukanda wetu ulilijua hilo mapema, kinyume na makala iliyosema kwamba ndege za majini ni jambo geni kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walileta kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, ndege za Sopwith zenye maboya ili kuitafuta manowari ya Kijerumani ya Königsberg katika delta ya Rufiji, nazo zikashindwa katika joto la pwani kunyanyuka na mzigo zilioletwa kubeba, mpaka ndege za Short zikaletwa badala yake. Mwaka uliofuata Wabelgiji walitumia ndege za Short zenye maboya kutoka upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika kushambulia bandari ya Kigoma, ilikokuwa meli ya Graf von Götzen ambayo leo ni Liemba. Na kuanzia 1937 boti za kuruka za Imperial Airways zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika safari yake ya kwenda Durban. Hizo zilikuwa boti, zenye tumbo lake lenyewe na si maboya, lakini hesabu ya kidato na kitovu ni ile ile.

Matunzo nitayapitia haraka. Kila chumba cha boya kiwe na mdomo wa kufulia ngama, yaani maji yaliyovuja ndani, na kifuliwe kila asubuhi kabla ya kuruka, kwani lita 20 zilizojikusanya tezini ni kilo 20 zilizohamia nyuma bila kuandikwa popote. Boliti za chuma cha pua zisigusane na alumini pasipo kitenganishi, hasa pwani, ambako chumvi huifanya alumini iliwe kimyakimya. Gugu maji likikwama kwenye usukani wa maji liondolewe kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Kuhusu sheria, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo ya kwanza kuendewa, kabla hata ya kununua boliti moja, lakini mjenzi asisahau kwamba ndege ikiwa majini ni chombo cha majini pia. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 huitaka ikae mbali na vyombo vingine vyote na isivizuie njia, jambo ambalo lina maana kubwa mahali wavuvi wanapotandaza nyavu usiku kucha.

Kwa hayo, ninaomba gazeti lichapishe upya ule mchoro. Utakaofaa ni wa ndege iliyolazwa sawa kwa pima maji, ukionyesha vikomo viwili vya kitovu cha uzito, mstari wa timazi ulioteremshwa kutoka kikomo cha nyuma, na kidato kikiwa nyuma kidogo ya mstari huo. Ekseli ya zamani ichorwe kwa nukta mahali pake, mbele, ili msomaji aone umbali uliopo kati yake na kidato. Mchoraji wenu akitaka, nitampelekea vipimo vya mfano nilioutumia hapo juu, pamoja na mfano wa pili wa ndege ya gurudumu la pua, kwa kuwa wajenzi wengi wa siku hizi ndiyo wanayoipendelea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa ndege mstaafu,
Mwanza